Kumrudisha Kijana Barazani: Mwongozo Kamili wa Tiba ya Uhalisia Pepe Baada ya Saikosisi

Kijana aliugua saikosisi, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli. Sasa sauti zimenyamaza, au zimepungua. Dawa imekubali, usingizi umerudi, chakula kinalika. Lakini kijana hatoki. Anashinda chumba cha uani, pazia limeshushwa, na mama ndiye anayekwenda dukani kumnunulia hata vocha ya simu. Akitoka, hutoka usiku, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu, au kwamba bado hajapona. Mara nyingi si hivyo. Anaamini kuwa akikatiza Ngamiani, mtaa wa Tanga, kila aliyekaa barazani anamjua, anamsema, na huenda anamtakia mabaya. Hofu hiyo haikutoka hewani: pengine mtaa mzima ulimwona siku aliyopakiwa kwenye bajaji mikono imefungwa kamba.

Tumeandika mwongozo huu kwa wauguzi wa afya ya akili, wanasaikolojia, watabibu kazi na maofisa ustawi wa jamii wa Tanga wanaotaka kumsaidia kijana huyo kwa miwani ya uhalisia pepe, kifaa kinachovaliwa usoni na kumwonyesha mtu mahali pengine kana kwamba yupo hapo. Si tiba ya ndugu kujaribu peke yao nyumbani, na haichukui nafasi ya dawa wala ya kliniki.

Neno moja kabla ya yote. "Uhalisia pepe" ndilo jina linaloandikwa, lakini usilitumie mbele ya familia. Masikioni mwa bibi, "pepe" na "pepo" ni jirani mno, na kijana aliyekwisha kuambiwa ana jini hahitaji kusikia kuwa anavishwa pepo kichwani. Sema "miwani ya video". Wataelewa.

Kinachotibu ni jaribio

Kazi ya miwani ni kumweka kijana katikati ya watu huku mlango wa kutokea ukiwa mkononi mwake. Hofu inapanda kweli na moyo unakwenda mbio kweli, lakini hakuna wa kumgusa, na dakika zile zile tano zinaweza kurudiwa mara nne asubuhi moja. Anachokifanya ndani ya dakika hizo ndicho kinachotibu.

Mwaka 2016 Daniel Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti mdogo wa watu 30 wenye imani kali kwamba wanaandamwa. Wote waliingizwa kwenye treni na lifti za kubuni zenye watu. Kundi moja lilielekezwa kukaa humo mpaka hofu izoeleke. Jingine lilielekezwa kuacha kinga zake: kuinua macho, kuwasogelea watu, kuwatazama, ili waone kama kweli wanadhuriwa. Kundi hili la pili ndilo ambalo imani ya kuandamwa ilipungua zaidi.

Kinga ni zile mbinu ndogo za kujihami: kofia, miwani meusi, hedifoni masikioni, macho chini, mwendo wa haraka, kusimama karibu na mlango, kujifanya unaongea na simu. Mtu aliyevaa hirizi akipita njia panda salama huishukuru hirizi. Hapati nafasi ya kujua kama njia ilikuwa salama tangu mwanzo. Kofia ya kijana inafanya kazi hiyo hiyo. Kila siku anayorudi nyumbani mzima, sifa inakwenda kwa kofia. (Akiwa amevaa hirizi halisi, iache. Ukianza na hirizi unagombana na ukoo mzima, na kinga nyingine zipo tele.)

Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018 ulitumia watu 116 na vipindi visivyozidi 16, kwenye mtaa, basi, mgahawa na duka kubwa vya kubuni. Shuku na wasiwasi vilipungua. Lakini tiba ilipokwisha, muda ambao watu hao walikaa na wenzao haukuwa umeongezeka kwa maana ya kitakwimu kuliko wa wale ambao hawakupata miwani. Tunaomba usome matokeo hayo mara mbili, kwa sababu mpango wote ulioandikwa hapa umejengwa juu yake. Hofu inaweza kushuka na kijana akabaki chumbani, kwa kuwa hana pa kwenda wala wa kukaa naye. Utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, uliotoka mwaka 2022 kwa jina la gameChange, ulikuwa na watu 346 na vipindi takriban sita vya nusu saa. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na hofu kali zaidi ya kutoka nje. Kwa hiyo usimchague kijana mwepesi ili kazi ionekane nzuri. Anza na yule wa pazia lililoshushwa.

Nani aanze, nani asubiri

Tunashauri umri wa miaka 16 hadi 30. Chini ya miaka 18 mzazi atie saini na kijana mwenyewe akubali. Kijana akikataa, basi, hata kama mama analia. Dawa ziwe hazijabadilishwa kwa wiki nne, na aweze kukaa dakika 20 bila kusimama.

Uliza kuhusu kifafa kwa maneno ya nyumbani: umewahi kuanguka ukapoteza fahamu, umewahi kuamka umejiuma ulimi? Akijibu ndiyo, miwani isubiri mpaka daktari aseme. Subiri pia kama ana kizunguzungu cha kudumu, ameumia kichwa karibuni, amevuta bangi, kutafuna mirungi au kunywa pombe tangu jana, halali na anaongea bila kituo, au anafikiria kujiua. Hilo la mwisho liulize wazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo.

Swali tunaloliona muhimu kuliko yote husahauliwa: "Ulipokuwa unaumwa, iliwahi kutokea TV au simu ikakuzungumzia wewe, au ukahisi kuna kitu kimewekwa kichwani mwako?" Kama bado anaamini hivyo, kumvisha mashine usoni ni kumwongezea. Kama iliwahi kutokea na sasa anaiona kuwa ni ugonjwa, anza polepole: mpe kifaa kimezimwa akishike, akigeuze, aone kamba na lenzi, kisha kivae wewe mbele yake.

Angalia na dawa. Haloperidol, dawa ya saikosisi, na nyinginezo za kundi lake zinaweza kuleta ile hali ya miguu kutotulia, mtu anakaa na kusimama, anapiga hatua papo hapo. Ukiiona ukadhani ni hofu, utatumia vipindi vinane kutibu kitu kisichokuwepo. Mrudishe kwanza kwa aliyeandika dawa. Kijana asipunguze dozi mwenyewe ili "awe macho" kwenye kipindi.

Chumba na vifaa

Miwani inayojitegemea, isiyohitaji kompyuta, inatosha. Meta Quest 2 na Quest 3 zina uzito wa takriban gramu 500 na betri ya saa mbili hadi tatu, yaani vijana wanne kwa chaji moja. Chukua yenye nafasi ya angalau GB 128. Kuiwasha mara ya kwanza kunahitaji intaneti na akaunti. Fungua akaunti ya kituo, isiwe ya mfanyakazi atakayehamishwa kesho. Siku moja kabla ya kliniki iwashe na iache ijisasishe, la sivyo itaanza kupakua mafaili mazito wakati kijana ameketi anakusubiri.

Eneo la mita 2 kwa 2 liwe tupu. Kiti kinachozunguka kisicho na magurudumu ni bora. Kikikosekana, kiti cha kawaida chenye mgongo. Feni imlenge kijana, kwa sababu upepo usoni hupunguza kichefuchefu na joto la Tanga la Januari huzifanya lenzi zipate ukungu. Pazia lifungwe, taa iwake: kamera za miwani hupotea gizani, na jua la dirishani likiingia kwenye lenzi hukiunguza kioo cha ndani kwa dakika chache. Hilo halitengenezeki.

Unahitaji pia simu au tableti ya kurushia kile anachokiona kijana. Si anasa. Umbali wa lenzi uwekwe kulingana na macho yake; Quest 2 ina nafasi tatu, 58, 63 na 68 kwa milimita, na ukikosea atakuambia picha ina ukungu au kichwa kitamuuma. Umeme ukikatika miwani itaendelea kwa betri, ila kisambaza intaneti kitazima na picha ya kwenye simu itapotea, kwa hiyo zoea kutumia hotspot ya simu ya kituo tangu mwanzo.

Msichana mwenye mtandio havui kitu. Mkanda unapita juu ya mtandio. Aondoe pini tu, na kitambaa cha ndani kinachobana husaidia usiteleze. Nywele zilizosukwa juu huinua mkanda wa nyuma, basi ulegeze na umwombe aishike miwani kwa mkono dakika ya kwanza. Tumia kifuniko cha silikoni cha usoni, viwili kwa kila kifaa, kimoja kikioshwa kwa sabuni kingine kinatumika. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu laini tu, bila spiriti. Mwenye macho mekundu au vidonda kichwani aje wiki nyingine. Hewa ya bahari huharibu vifaa taratibu: hifadhi kwenye boksi la plastiki linalofunga, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Picha ziwe za hapa

Programu nyingi zinazouzwa zina baa ya Ulaya, treni ya chini ya ardhi, watu wamevaa makoti. Kijana wa Makorora hamwogopi mtu wa baa ya London. Anawaogopa wale vijana wanne wa kijiweni wanaonyamaza anapopita. Hivyo tunapendekeza upige video zako mwenyewe kwa kamera ya nyuzi 360, inayorekodi pande zote kwa pamoja.

Maeneo manne yanatosha kuanzia: ufukwe wa Raskazoni bila watu, kwa ajili ya kuzoea kifaa, duka la mtaani, baraza la kahawa, na soko. Baadaye ongeza daladala na chumba cha kusubiria hospitalini. Duka, baraza na soko, kila moja piga ngazi tatu za dakika tano. Ngazi ya kwanza: watu watatu, hakuna anayetazama kamera. Ya pili: watu wanane hadi kumi, wawili watatu wanatupa jicho na kurudi kwenye shughuli zao. Ya tatu: watu kumi na tano, mmoja anatazama kwa sekunde tatu nne, wawili wananong'onezana kisha wanacheka. Kicheko hicho kisiwe cha dhihaka wala cha wazi kwamba hakimhusu. Kiwe kicheko cha kawaida cha barazani, kwa sababu ni kile ambacho maana yake haijulikani kinachomtesa. Matusi kama "chizi" usiyarekodi. Video haijibiki, na kumtukana mtu asiyeweza kujibu ni kumwonea. Jibu la tusi hufundishwa kwa maigizo ya ana kwa ana, wewe na yeye.

Tumia kikundi cha maigizo au wafanyakazi wa kituo, msitegemee wapita njia. Kwanza utaweza kuwaelekeza macho. Pili, sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uwe na ridhaa. Kwa Soko la Mgandini pita kwa uongozi wa soko na serikali ya mtaa, piga saa moja hadi saa mbili asubuhi kwenye kona uliyoipanga na watu wako. Kamera isielekee bandarini wala kambi yoyote.

Urefu wa kamera ndio kosa la kila anayeanza. Kijana atakuwa ameketi, basi kamera iwe sentimita 115 hadi 120 kutoka chini. Ukiiweka sentimita 160 ataona anaelea, na tumbo litamgeuka. Tumia fimbo moja nyembamba yenye kitako kizito. Miguu mitatu iliyotanuka itaonekana chini yake. Watu wasikaribie chini ya mita 1.2, na mtu muhimu asikae kwenye mstari ambapo picha za lenzi mbili zinaunganishwa, maana uso wake utakatika. Kamera isitembee kabisa. Daladala ipigwe ikiwa imesimama, injini inanguruma, abiria wamejaa, konda anaita mlangoni. Ikienda kweli, kijana atatapika. Piga kwa ubora wa 5.7K, fremu 30 kwa sekunde. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika tano ni GB 3.75, hivyo video tisa zitachukua takriban GB 34.

Video kama hizi zina upungufu mmoja unaoamua namna ya kuzitumia: watu wake hawamjibu kijana. Mandhari ya kompyuta yenye wahusika wanaogeuka unapowatazama yanaweza kupima dhana ya aina ya "nikimtazama atanifuata". Video haiwezi, na kijana mwerevu atakuambia, "Dokta, huyu amesharekodiwa, hanioni." Ana haki. Kwa hiyo ndani ya video pima dhana zinazomhusu yeye mwenyewe: "nikiinua macho nitazimia", "sauti zitapanda nisiweze kuvumilia", "nitapiga kelele". Dhana zinazohusu watu zipeleke mtaani.

Vipindi vinane

Tunapanga kipindi kimoja kwa wiki, saa nzima, lakini miwani isizidi dakika 20 hadi 25 zilizogawanywa mara tatu au nne. Saa tatu asubuhi ni wakati mzuri: ameamka, joto halijapanda. Mwezi wa Ramadhani usisogeze vipindi mchana. Aliyefunga hupata kizunguzungu upesi. Ijumaa ziache.

Kipindi cha kwanza kinakwenda bila miwani kwa dakika 40. Mnaongea. Anaogopa kwenda wapi, na akienda anadhani kitatokea nini hasa? Usikubali jibu la "naogopa tu". "Mdogo wangu, tuseme umekaa barazani dakika kumi. Dakika ya kumi na moja kinatokea nini?" Andika maneno yake, si ya kitabuni. Akisema "watu watanifanyia kijicho", andika hivyo hivyo. Kisha mwombe aonyeshe kwa vitendo anavyotembea mtaani; hapo kinga zitajitokeza zenyewe, nyingi zaidi ya alizozitaja. Malizia kwa video ya Raskazoni, dakika tano tu, na mkubaliane alama: mkono juu maana yake vua sasa, bila swali. Mvulie mara moja siku hiyo kwa majaribio, ili ajue ahadi inatimizwa.

Kuanzia kipindi cha pili, kila mzunguko ndani ya miwani unakwenda hivi:

1. Dhana moja, kwa maneno yake. Mpe kete kumi za bao na aweke mezani zinazolingana na anavyoiamini. Kete hueleweka kuliko asilimia, na mkono hausemi uongo wa adabu kama mdomo.
2. Kinga moja ya kuacha. Moja tu.
3. Dakika tatu hadi tano ndani, wewe ukitazama simu. Ongea kidogo: "Inua macho, mtazame wa fulana nyekundu. Kaa hapo." Usimwambie "usiogope" wala "hakuna kitu". Maneno yako yatageuka kinga mpya.
4. Anavua. Kabla ya jambo lolote: "Umeona nini? Ulichotarajia kimetokea?" Kisha kete tena.
5. Rudia video ile ile na kinga ile ile mpaka kete zishuke kwa tatu au zaidi. Ndipo ngazi inayofuata.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 21 ambaye dhana yake ni "nikiinua macho barazani sauti zitanitukana mpaka nizimie", kete 9. Kinga zake ni macho chini, hedifoni, na kushika simu mfukoni. Ngazi ya kwanza, anaacha macho chini. Mzunguko wa kwanza sauti zinakuja, hazimzimishi: kete 7. Wa pili, kete 5. Wiki inayofuata, ngazi ya pili, hedifoni zinabaki nyumbani. Kete zikipanda tena hadi 7 usishtuke, umebadilisha mtihani.

Hapa ndipo simu ya kurushia picha inapolipa gharama yake. Kijana anaweza kukaa dakika tano kimya, ukadhani amefaulu, kumbe ametazama vidole vya miguu muda wote. Picha kwenye simu inakuonyesha kichwa kimeelekea wapi. Ikionyesha sakafu, sema kwa upole. Macho yaliyofumbwa huwezi kuyaona. Muulize mtu wa tatu kushoto alikuwa ameshika nini.

Dakika kumi za mwisho ni za kazi ya nyumbani: kinga ile ile aliyoiacha ndani, aiache nje ndani ya siku mbili, mahali panapofanana. Aliyemaliza duka kwenye video aende duka la karibu na kwao kununua sukari robo, kofia mfukoni, amsalimie muuzaji akimtazama, asubiri chenji bila kukimbia. Andika siku, saa, duka gani. Mara ya kwanza mtu wa kituo amsindikize, asimame mbali kidogo, si bega kwa bega. Kuanzia kipindi cha tano, tunaona vyema nusu ya saa yenyewe itumike nje: mnavaa miwani dakika kumi, mnatoka mnakwenda barazani kwa miguu, mnakunywa kahawa na kashata, mnarudi kuhesabu kete. Dhana za "watanifuata" zinapimwa hapo, na hazina pengine pa kupimiwa.

Baada ya kuvua, apumzike robo saa. Asiendeshe bodaboda wala baiskeli kwa angalau nusu saa. Katika mji wa baiskeli kama Tanga hili ulitaje kabla hajatoka nyumbani.

Daftari la saa

Kete hupima hofu. Kurudi kwenye jamii hupimwa kwa saa. David Fowler na wenzake wa Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa vijana 155 waliokuwa wamejitenga sana baada ya saikosisi, walihesabu saa za shughuli zenye mpangilio kwa wiki: kazi, masomo, kazi za nyumbani, kulea, michezo. Waliopata tiba ya kurudi kwenye jamii, isiyo na miwani yoyote, walizidi wenzao kwa takriban saa 8 kwa wiki.

Fanya hivyo hivyo. Mpe daftari la kawaida. Kila jioni aandike: kuteka maji nusu saa, kumsaidia mjomba gengeni saa mbili, mpira saa moja, kuswali jamaa dakika ishirini. Kulala na simu kitandani hakuhesabiwi. Jumlisheni pamoja kila kipindi, na lengo liwe kuongeza saa moja au mbili kwa wiki, si kumi. Kufikia kipindi cha nne awe na mahali pamoja pa kudumu pa kwenda, penye mtu anayemsubiri na kazi yenye jina: kupanga nazi, kushona nyavu, kozi fupi, kwaya, timu. Huu si ugeni kwetu. Hospitali ya Lutindi, Korogwe, inajulikana kwa kuwapa wagonjwa kazi za mikono na shamba kama sehemu ya tiba. Kumtafutia kijana mahali hapo ni kazi yako kama ilivyo kuchaji miwani, na itakuchukua muda zaidi.

Mama naye ana kazi. Mwite kipindi cha tatu, mwamkie, mweleze kuhusu kinga kwa mfano wa kofia, kisha mwombe aache kumfanyia kijana mambo mawili anayoyachagua kijana mwenyewe, tuseme vocha na mkate. Itamuuma. Alimchunga wakati wengine wanakimbia, na anahisi anaambiwa amtupe. Mwambie wazi kwamba ulinzi wake ndio uliomfikisha hapa, na kwamba hatua hii inahitaji ulinzi wa namna nyingine: amsubiri mlangoni badala ya kumfuata.

Mambo yanapokwenda kombo

Kichefuchefu: vua, feni, maji, mtazame mbali nje ya dirisha. Kikijirudia kwa video mbili, kagua urefu wa kamera na umbali wa lenzi kabla ya kumlaumu kijana. Kikiendelea, acha miwani. Mpango ule ule unaweza kufanywa mtaani moja kwa moja, taratibu zaidi.

Anaifurahia kama gemu, anacheka, kete hazikuanzia juu: video haigusi hofu yake. Rudi kwenye maneno yake uliyoyaandika kipindi cha kwanza. Huenda haogopi baraza bali wenzake wa shule, na hao hujawapiga.

Kete zinashuka ndani, nje haziteremki: karibu kila mara kuna kinga iliyobaki. Wewe mwenyewe unaweza kuwa ndiyo hiyo kinga. Mwache aende peke yake, umpigie simu jioni.

Sauti zinapanda na zinabaki juu zaidi ya saa moja baada ya kuvua, au anaanza kusema watu wa kwenye video wamemfuata nyumbani: simamisha, mjulishe daktari siku hiyo hiyo, usimpe miadi ya wiki ijayo. Asipolala usiku mbili mfululizo, vivyo hivyo.

Baada ya kipindi cha nane

Muone tena wiki ya 4, ya 12 na ya 24, na daftari mkononi. Saa zikishuka hadi nusu ya alizozifikia na zikakaa huko wiki mbili, uliza kwanza usingizi, dawa, bangi, na kama kuna lililotokea: mahali pa kazi pamefungwa, kuna aliyemtukana, kuna msiba. Kisha tembea naye mpaka dukani siku hiyo hiyo, uangalie ni kinga gani imerudi. Mkishindwa kufika dukani, ndipo ufungue boksi, na mwanzie ngazi aliyoishinda mwisho, si ile iliyomshinda. Mkifika, nunueni sukari, mrudi kwa miguu, na boksi libaki limefungwa.